Kupumua Pande Zote Mbili: Maelezo kwa Mwalimu Atakayefundisha Kuogelea Pwani ya Moa

Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyo jirani na bahari aghalabu hudhani kwamba kuogelea ni jambo ambalo watoto wa huko wamekwisha kulijua, na kwamba yeye hana la kuwaongezea. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Watoto wa Moa, kama wenzao wa Jasini, Manza na Kwale, huingia majini wangali wadogo. Huelea, hupiga mbizi, hufukuzana maji yanapojaa, na baadhi yao hufuatana na wazee wao katika mitumbwi kabla hawajamaliza darasa la saba. Lakini kuzoea maji ni jambo moja, na kuweza kuogelea kwa utulivu hadi nchi kavu pindi mtumbwi unapopinduka ni jambo jingine. Mtoto wa kwanza hucheza pale anapofikisha miguu chini. Wa pili anahitaji mtindo unaookoa nguvu, na katika mtindo huo kupumua ndiko kunakoamua kama atafika au atachoka njiani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi mno kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati kama yetu. Shirika hilohilo linapendekeza watoto wa umri wa shule, tangu miaka sita, wafundishwe kuogelea na kujihadhari na maji. Kwa hiyo mwalimu wa pwani anayetumia kipindi cha michezo kufundisha jambo hili hafanyi anasa.

Katika makala haya tunakusudia kushughulikia kasoro moja tu, nayo ni ile ya mwanafunzi kupumua upande mmoja siku zote. Tutaeleza inatokeaje, inafanya nini katika misuli ya mtoto, ina hatari gani katika bahari iliyo mbele ya Moa, na mwalimu aipangeje kazi yake ili isizaliwe. Tunasema isizaliwe kwa makusudi, maana kuizuia ni rahisi kuliko kuiondoa.

MTINDO WENYEWE

Mtindo tunaouzungumzia ni ule wa kulala kifudifudi, mikono ikipokezana kuvuta maji na miguu ikipiga kwa zamu. Katika mashindano huitwa mtindo huru, kwa sababu kanuni humruhusu mshindani kuchagua namna yoyote ya kuogelea. Hata hivyo karibu wote huchagua huu, kwa kuwa ndio wenye kasi kuliko mingine. Sifa yake ilienea sana baada ya Mmarekani Johnny Weissmuller kuogelea mita 100 kwa muda usiofika dakika moja mwaka 1922.

Ugumu wake ni kwamba uso umo majini. Mwogeleaji hana budi kugeuza kichwa ubavuni, akavuta hewa kwa haraka, kisha akaurudisha uso chini na kuitoa pumzi hiyo polepole ndani ya maji. Hapo ndipo wanafunzi wengi huharibikiwa. Mmoja huinua kichwa mbele kama kasa anayechungulia, na mara moja nyonga na miguu yake huzama. Mwingine huibana pumzi muda wote uso ukiwa chini, halafu akigeuka hujaribu kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja, asifaulu vizuri katika lolote. Huyu huhema na kudhani amekosa hewa safi, kumbe kinachomsumbua zaidi ni hewa ya kabonidayoksaidi iliyorundikana mwilini, kwani hiyo ndiyo inayoamsha ile hamu kali ya kupumua. Akifundishwa kutoa pumzi mfululizo majini, hofu yake hupungua kabla hata nguvu zake hazijaongezeka.

KASORO INAVYOZALIWA

Wapo wasemao kwamba mtu hupumua upande wa kulia kwa sababu anatumia mkono wa kulia. Pengine ni kweli kwa wengi. Lakini sisi tunaona kwamba katika madarasa yetu sababu kubwa zaidi ni mwalimu mwenyewe na mahali anaposimama.

Tufikiri somo linalofanyika ufukweni. Mwalimu amesimama mchangani, au amekunja suruali na kuingia maji ya magoti. Amewapanga watoto, akawaagiza waogelee sambamba na pwani hadi kwenye kijiti alichokisimika, watoke majini, warudi kwa miguu mchangani, waanze tena. Mpango huo ni mzuri kwa nidhamu, na unampa mwalimu nafasi ya kumtazama kila mmoja. Lakini angalia unachofanya. Watoto wote wanakwenda upande mmoja tu, tuseme kaskazini, na mwalimu yuko mkono wao wa kushoto. Mtoto anayejifunza humtazama mwalimu wake, kwanza kwa kutaka kusikia anasemaje, na pili kwa kutafuta usalama. Atageuza uso kushoto mara ya kwanza, mara ya kumi, na mara ya mia. Baada ya wiki chache shingo yake imekwisha kujifunza njia moja, na akiambiwa ageuke kulia hunywa maji. Hapo mwalimu husema, "Mtoto huyu hawezi upande huo." Mtoto hakuzaliwa hivyo. Mwalimu amemfundisha bila kujua.

Jambo hili huchukua mizizi haraka kwa sababu kupumua hushikamana na hofu. Mtoto aliyepata hewa upande wa kushoto ataukimbilia upande huo kila anapobabaika. Mazoea mengine ya mwili hurekebishwa kwa kuelekezwa tu, ila hili hutaka kwanza mtoto aamini kwamba hewa ipo upande wa pili pia.

YATOKEAYO MWILINI

Kila mwanafunzi wa Moa anajua kwamba mtumbwi unaopigwa kafi upande mmoja tu huzunguka. Mpiga kafi hana budi kubadili upande, au kuipinda kafi yake ili aurudishe mtumbwi katika mstari, na huko kuipinda ni kupoteza nguvu. Mwili wa mwogeleaji ni mtumbwi, na mikono yake ni kafi mbili. Mwalimu akiutumia mfano huu darasani hatahitaji maneno mengi.

Tumchukue mwanafunzi anayepumua kulia peke yake. Anapogeuza uso kulia, mkono wake wa kulia unamaliza kuvuta na kutoka majini, na mkono wa kushoto umenyooshwa mbele. Mkono huo wa mbele ungepaswa kutulia kidogo na kujiandaa kuyashika maji. Badala yake anayejifunza huuegemea kama mtu anayeshika ukingo wa meza. Kiganja hukandamiza maji kwenda chini, kiwiko hulegea, na mkono huporomoka bila kusukuma mwili mbele. Mara nyingi hukatiza pia mbele ya pua kwenda upande wa pili. Hivyo mkono wa kulia hufanya kazi ya kusukuma, na wa kushoto hufanya kazi ya kuegemewa. Ili mwili usipinduke, miguu nayo huachana ghafla kama mkasi kila anapovuta hewa.

Kiwiliwili hupata hasara nyingine. Katika mtindo huu mwili haulali bapa kama ubao. Hulala ubavu kidogo huku na kidogo huku, kufuata mikono. Mwenye kupumua kulia huviringika vizuri kwenda kulia, kwa kuwa kichwa kinamvuta. Upande wa pili huviringika kidogo sana. Matokeo yake ni kwamba mkono wa kushoto hurudishwa mbele juu ya maji huku bega likiwa limelala bapa. Katika hali hiyo kano za misuli midogo inayolishika fundo la bega hubanwa chini ya mfupa kila mkono unapopita. Mara moja si neno. Mara elfu nyingi huleta maumivu. Mwaka 1974 madaktari Kennedy na Hawkins waliandika juu ya maumivu ya namna hii, wakayapa jina la bega la mwogeleaji, na jina hilo limebaki kutumika hadi leo.

Misuli inayohusika ni mingi, lakini mwalimu wa shule ya msingi atosheke na kujua makundi matatu. Kuna misuli ya kuvuta, yaani ule mpana wa mgongoni unaoanzia chini ya kwapa, pamoja na ile ya kifua. Kuna ile midogo ya nyuma ya bega na ya kulishikiza kombe la bega mgongoni. Na kuna ile ya shingo inayopanda kutoka mtulinga hadi nyuma ya sikio, ambayo hugeuza kichwa. Mwogeleaji yeyote, hata apumuaye pande zote, huelekea kuwa na nguvu nyingi katika kundi la kwanza kuliko la pili, maana kuogelea ni kuvuta. Huo ni ukosefu wa uwiano wa mbele na nyuma. Kupumua upande mmoja huongeza juu yake ukosefu wa uwiano wa kulia na kushoto: mkono mmoja huvuta kwa nguvu na kwa njia iliyo sahihi, wa pili hukandamiza tu, na shingo hukaza upande mmoja. Wanachuo wengi huyachanganya mambo haya mawili, na matokeo yake hutoa dawa ya moja kwa maradhi ya lingine.

Hata hivyo hatutaki kumtisha mtu, wala hatutaki mwanachuo aende kuwaambia wazazi kwamba watoto wao watapinda mgongo. Hebu tufanye hesabu. Mwogeleaji wa mashindano anayefanya mazoezi ya mita 5,000 kwa siku, ikiwa hutumia mivuto 18 katika kila mita 25, huwa amevuta maji mara 3,600, yaani mara 1,800 kwa kila mkono. Mwanafunzi wetu anayeogelea mita 100 katika kipindi kimoja, kwa mivuto 28 katika kila mita 25, huwa amevuta mara 112 tu, yaani 56 kwa kila mkono. Idadi hiyo haiwezi kumharibu bega. Madhara ya misuli yatamfikia endapo ataendelea kuogelea kwa miaka na kwa wingi. Ila mazoea atakayokwenda nayo huko ni yale aliyoyapata kwetu, na ndiyo sababu tunayajali sasa.

Na tuseme pia kwamba wapo mabingwa wakubwa wapumuao upande mmoja. Katie Ledecky wa Marekani, aliyeshinda mita 800 za mtindo huru katika michezo minne ya Olimpiki mfululizo tangu London mwaka 2012 hadi Paris mwaka 2024, kwa kawaida hupumua kulia. Yeye amelichagua jambo hilo kwa ajili ya kupata hewa nyingi, chini ya macho ya makocha, naye huogelea katika bwawa lisilo na wimbi wala mkondo. Kuchagua upande baada ya kuweza pande zote si sawa na kufungwa na upande mmoja. Isitoshe, pwani ya Moa haina bwawa.

BAHARI YA MOA HUCHAGUA UPANDE

Tukisimama ufukweni Moa tukielekea kaskazini, mpaka wa Kenya uko mbele yetu, bahari iko mkono wa kulia, na nchi kavu mkono wa kushoto. Tukigeuka kuelekea Tanga mambo hugeuka. Hili ni jambo dogo ambalo kila mtoto analijua, lakini ndilo lenye uzito kuliko yote tuliyoyasema juu ya misuli.

Mawimbi hutoka baharini. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi hali ya upepo hutofautiana, lakini katika nyakati zote mbili mtu anayeogelea sambamba na pwani hupigwa zaidi na wimbi kwa upande wa bahari. Akipumua upande huo atapokea maji mdomoni. Akipumua upande wa nchi kavu, kichwa na bega lake huwa kinga, na zaidi ya hapo ataiona pwani kila anapovuta hewa: minazi, paa la nyumba, au mtu aliyesimama akimpungia. Hatapotea kuelekea kilindini. Asubuhi, jua linapochomoza upande wa bahari, mwenye kupumua huko hupigwa na mwanga machoni asione kitu.

Basi yule mwanafunzi wetu anayepumua kulia tu ataogelea salama akitoka kaskazini kwenda kusini. Akilazimika kurudi, au mkondo ukimtaka ashike njia ya kaskazini, kila pumzi yake itaelekea kwenye wimbi. Atakunywa maji mara mbili au tatu, ataanza kuinua kichwa mbele, miguu itazama, na nguvu zitamwishia karibu na nchi kavu. Yawezekana mtoto huyo ni hodari kuliko wenzake wote siku ya maji kutulia.

Zipo nyakati pia ambapo upande wa nchi kavu si bora. Alfajiri umande unapovuma kutoka bara, viwimbi vidogo hutoka upande huo, na mwogeleaji hupata nafuu akigeukia bahari. Kwa hiyo hatumfundishi mtoto kanuni ya kugeukia nchi kavu daima. Tunamfundisha aweze kote kuwili, ili achague.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Kabla ya lolote mwalimu azungumze na wazazi na uongozi wa kijiji, na apate wavuvi wazoefu wa kumsaidia. Wao ndio wajuao mahali penye mchanga pasipo matope ya mikoko wala miamba yenye chaza zikatazo miguu, na ndio wajuao mkondo unapita wapi. Somo lifanyike maji yanapoanza kujaa, wala si yanapotoka kwa kasi, na siku za bamvua ziepukwe kwa wanaoanza, kwani katika pwani ya Tanga tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo huzidi mita 3. Watoto wawe wachache, wasizidi watano kwa mtu mzima mmoja aliye majini. Kama wasichana wanasita kwa ajili ya mavazi, wasiachwe nyuma. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje katika miaka ya 2010 ulifundisha wasichana waliovaa mavazi ya kustiri mwili mzima, nao waliogelea. Mwalimu wa kike akipatikana ni bora zaidi.

Somo la kwanza halihitaji bahari. Linahitaji beseni la maji na benchi. Mtoto hupiga magoti mbele ya beseni, huvuta hewa, huingiza uso majini hadi kwenye nywele, na hutoa pumzi kwa pua na mdomo polepole, kama mtu anayevumisha wimbo midomo ikiwa imefumbwa. Kisha hugeuza uso kulia bila kuuinua, sikio la kushoto likibaki majini, huvuta hewa kwa mdomo, na hurudi chini. Mara ya pili hugeuza kushoto. Mwambie mtoto ageuze shavu kama mtu aliyelala kifudifudi anavyogeuza shavu juu ya mto. Maelezo hayo huzuia kuinua kichwa vizuri kuliko kusema "usiinue kichwa" mara ishirini. Kila mtoto afanye mara kumi, kulia na kushoto kwa zamu, akihesabiwa na mwenzake. Zoezi hili lisiharakishwe. Sisi tungependa siku tatu nzima zitumike hapo, hata kama watoto wanalalamika kwamba wao si wachanga wa kuogeshwa katika beseni, maana mtoto aliyezoea pande zote katika beseni hana upande wa kuukimbilia atakapofika baharini.

Baharini, katika maji ya kiunoni, watoto kwanza huinama na kutembea polepole wakirudia jambo lilelile, mikono ikiwa magotini. Kisha hufika kwenye zoezi tunaloliona kuwa ndilo mama wa mengine, yaani kulala ubavu. Mtoto hulala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, wa kulia umelala juu ya paja, uso unatazama chini, na miguu inapiga pole. Akihitaji hewa hugeuza uso kulia na kuurudisha. Baada ya mipigo sita au zaidi ya miguu hubadilisha, akalala ubavu wa kulia. Anayeanza anaweza kushika kwa mkono wa mbele dumu tupu la lita tano lililofungwa barabara. Katika zoezi hili mwalimu huona wazi upande ulio dhaifu: mtoto huzama upande huo, au huupita upesi ili arudi kwenye ule aupendao. Upande huo na upewe muda maradufu.

Baadaye mikono huanza kupokezana. Vitabu vingi husema mtoto avute hewa kila baada ya mivuto mitatu, ili upande ubadilike wenyewe. Ni kanuni nzuri, lakini kwa anayeanza mivuto mitatu ni mirefu, na akikosa hewa atachukia somo zima. Tunashauri kwanza avute hewa kila baada ya mivuto miwili, akienda safari moja kwa kupumua kulia na safari nyingine kwa kupumua kushoto. Mivuto mitatu itakuja wakati pumzi yake imetulia.

Na hapa tunarudi kwa mwalimu na mahali pake. Chukua madumu mawili, yafunge kwa kamba na mawe, uyaweke katika maji ya kiunoni, moja likiwa kaskazini na jingine kusini, umbali wa hatua kumi na tano. Mwalimu asimame majini katikati, upande wa nchi kavu, na msaidizi akae na mtumbwi upande wa kilindi. Watoto waogelee kwenda na kurudi, wala wasirudi kwa miguu mchangani. Wakienda kaskazini watamwona mwalimu kushoto, na wakirudi kusini watamwona kulia. Ile tabia ya mtoto kumtazama mwalimu, ambayo katika mpango wa awali ilimfunga upande mmoja, sasa inamfungua pande zote, na kila safari anapumua upande uliokingwa na wimbi. Siku maji yanapokuwa shwari kabisa mwalimu na msaidizi wabadilishane nafasi, ili watoto wajaribu kugeukia bahari pia.

Nchi kavu, ile misuli midogo ya nyuma ya bega isisahauliwe. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli chatosha. Kifungwe mtini, mtoto asimame ubavu, kiwiko kikiwa kimebanwa mbavuni na kukunjwa, auvute mpira kwa kuuzungusha mkono nje, mara kumi na mbili, kisha mkono wa pili idadi ileile. Mkono ulio dhaifu ndio uanze, na wenye nguvu usizidishe hesabu yake. Kadhalika kulala kifudifudi mchangani na kuinua mikono yote miwili iliyonyooshwa pembeni huisaidia misuli ya kombe la bega. Mtoto akisema bega linamuuma apumzishwe, na maumivu yakiendelea apelekwe zahanati. Mabega yasiyo sawa kwa urefu mtoto akisimama si ushahidi wa kuogelea vibaya. Wapo wanaobeba ndoo kwa mkono mmoja kila siku, na wapo wabebao wadogo zao kwa nyonga moja.

Liko jambo moja ambalo halina mjadala. Mashindano ya kubana pumzi chini ya maji, ambayo watoto wa pwani huyapenda sana, yapigwe marufuku katika somo. Mtoto akihema kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama, huipunguza mwilini ile hewa ya kabonidayoksaidi iletayo hamu ya kupumua, na anaweza kuzimia majini bila kuhisi dalili yoyote. Mwalimu asitumie hata kidogo mivuto mingi bila kupumua kama kipimo cha uhodari.

KUPIMA MAENDELEO

Mwalimu awe na daftari lenye safu mbili kwa kila mtoto, moja ya safari ya kaskazini na moja ya safari ya kusini. Msaidizi wa mchangani ahesabu mivuto ya mtoto kutoka dumu hadi dumu na kuiandika. Mtoto aliyefungwa upande mmoja atatumia mivuto mingi zaidi katika safari inayomlazimisha kugeukia upande wake mgumu. Hesabu hiyo hudanganya kukiwa na mkondo, kwani mkondo humsukuma kila mtoto njia moja na kumzuia nyingine. Siku hiyo ni afadhali mwalimu asimame mbele ya mtoto, atazame kama mkono wa mbele unakatiza pua anapovuta hewa. Siku za utulivu, mwalimu amwambie mtoto afumbe macho na kuogelea mivuto kumi kuelekea kwake. Anayepinda njia aonyeshwe amepindia wapi, kisha arudie kwa kupumua upande mwingine, alinganishe mwenyewe. Tofauti ya safari mbili ikishuka hadi mivuto miwili au pungufu, kwa siku tatu mfululizo za maji kutulia, dumu la kaskazini lisogezwe mbele hatua kumi.